Mazungumzo marefu yalivyookoa historia ya Kilwa na Lindi

Na Mwandishi Wetu

KIJANA aliyekuwa na umri wa miaka 15 Julai 1905, wakati mashina ya kwanza ya pamba yalipong'olewa katika kijiji cha Nandete, milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa, alikuwa na miaka 78 ilipofika mwaka 1968. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoamua iwapo Watanzania wangeijua historia ya Vita vya Maji Maji kwa kauli ya waliopigana, au kwa kalamu ya waliowanyonga peke yake.

Mwaka huo wa 1968, Idara ya Historia ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatawanya wanafunzi katika wilaya zilizokumbwa na vita hivyo. Kazi waliyopewa haikuhitaji vifaa vingi. Walitakiwa kuwatafuta wazee, kuketi nao, kuwauliza na kuwasikiliza hadi mwisho, kisha kuandika. Kazi hiyo, iliyojulikana kama Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, ilikusanywa na kutolewa mwaka 1969.

Laiti wangechelewa miaka 15 tu, wazee wengi wa aina hiyo wasingekuwapo tena.

Pwani ya Kilwa na Lindi ina mambo mengi ya kujivunia, tangu magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hadi mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru. Lakini ukichunguza tunayajuaje mambo hayo, utakuta kuwa sehemu kubwa ya maarifa yetu ilianzia mahali pamoja: watu wawili wameketi, mmoja anajua, mwingine anauliza, na hakuna mwenye haraka.

Makala haya yanaeleza namna mazungumzo hayo marefu yalivyofanya kazi, yalipofanikiwa, yaliposhindwa, na kwa nini suala hilo linamhusu msomaji wa leo ambaye bado ana babu au bibi huko kusini.

Faili za Wajerumani na kauli za wazee

Kabla ya miaka ya 1960, aliyetaka kuandika habari za Maji Maji alitegemea zaidi nyaraka za serikali ya kikoloni na taarifa za wamisionari. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa Gavana wa koloni wakati vita vilipozuka, alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Katika maelezo ya upande huo, waganga na njama za siri walibebeshwa lawama kubwa, na sera za serikali zikapata nafuu.

Wazee walipoulizwa, walianza kwingine. Walianza na pamba. Walieleza habari za mashamba ya pamoja yaliyosimamiwa na majumbe na maakida, kazi ya shuruti iliyomtoa mtu shambani kwake wakati wa kulima au wa kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, viboko, na malipo ambayo hayakulingana kabisa na jasho. Kwao, kung'olewa kwa pamba pale Nandete hakukuwa fumbo. Lilikuwa tangazo la vita ambalo kila mtu aliyelimishwa zao hilo alilielewa.

Mtafiti aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika eneo hili ni Gilbert Gwassa. Akishirikiana na mwanahistoria Mwingereza John Iliffe, alitoa kijitabu kilichoweka nyaraka za Wajerumani na kauli za wazee pamoja, ili msomaji apime mwenyewe. Baadaye, mwaka 1973, Gwassa alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu kuzuka na kuenea kwa vita hivyo.

Ni kutokana na kazi ya aina hiyo kwamba majina ya wazee wa Nandete wanaotajwa kung'oa pamba ya kwanza, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, yamehifadhiwa. Ni kwa njia hiyo pia tunajua kwa undani habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mwaka 1904 alisemekana kupagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama mtoni na kuibuka nguo zake zikiwa kavu, akaanza kugawa dawa ya maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuanza. Kwao alikuwa mganga mmoja aliyeondolewa. Kwa wazee, kauli zao zilionyesha, alikuwa mtu aliyewapa watu wa makabila tofauti sababu ya kuaminiana.

Hata idadi ya waliokufa ilibadilika. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000. Gwassa, baada ya kuzingatia njaa iliyofuata pale askari walipochoma vyakula na kuharibu mashamba, alikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni watu ambao waliandikwa na njaa, si na bunduki, na ambao hawakuwa na nafasi katika ripoti za kijeshi.

Njwiywila

Liko neno moja ambalo lingepotea kabisa kama wazee wasingeulizwa. Neno hilo ni njwiywila. Kwa mujibu wa kauli zilizokusanywa Umatumbi, hilo ndilo lililokuwa jina la habari za kunong'onezana zilizoeneza ujumbe wa maji kabla ya vita. Mtu alimwambia mtu anayemwamini, naye akamwambia mwingine, hadi vilima vyote vikajua jambo ambalo boma la Kilwa Kivinje halikulijua.

Hapa pana funzo. Vita vyenyewe viliandaliwa kwa mazungumzo, tena mazungumzo ya siri, yasiyoacha karatasi. Mtafiti anayetafuta karatasi hawezi kuyaona. Njia pekee ya kuyafikia ilikuwa kuzungumza na waliozungumza.

Watu wa Kilwa Kivinje nao walikuwa na sababu ya kufahamu hatari ya kuacha maandishi. Miaka kumi kabla ya Maji Maji, mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya, aliyekuwa ameongoza upinzani dhidi ya Wajerumani katika eneo hilo, alinyongwa katika mji huo, na barua zilizokamatwa kwake ziliwaingiza wengine matatani. Kilichonong'onwa hakikamatwi.

Aidha, si kila aliyeishi wakati wa vita alisubiri kuulizwa. Mjini Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi mrefu wa Vita vya Maji Maji, ambao W. H. Whiteley aliuchapisha mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Utenzi huo ni hazina, lakini ulitungwa na mtu wa mjini, msomi wa pwani. Mkulima wa Umatumbi au Liwale hakuwa na kalamu. Alikuwa na kumbukumbu tu, na kumbukumbu huhitaji mtu wa kuipokea.

Tofauti ya mahojiano na mazungumzo

Msomaji anaweza kuuliza: je, hii si kazi ya kawaida ya mahojiano, ambayo waandishi wa habari huifanya kila siku?

La hasha. Mahojiano ya habari huwa na swali lililokwisha kupangwa. Mwandishi anajua anachokitaka, na dakika kumi zikitosha huaga na kuondoka. Mazungumzo marefu huanza bila kujua yatakapoishia. Mzee anapoeleza jinsi baba yake alivyonunua jembe, msikilizaji asiye na subira huona amepotea njia. Msikilizaji mzoefu huacha maneno yatiririke, kwa sababu anajua kuwa bei ya jembe itafungua habari ya kodi, na kodi itafungua habari ya akida.

Pili, mazungumzo marefu hurudiwa. Mtafiti hurudi kesho na keshokutwa, akauliza jambo lilelile kwa namna nyingine. Kisha humwendea mzee wa kijiji cha pili asiyehusiana na wa kwanza. Wakikubaliana katika jambo bila kusikilizana, hapo pana uzito. Wakitofautiana, tofauti yenyewe ni habari.

Tatu, tarehe hazitafutwi kwa kalenda. Wazee wengi hawakuhesabu miaka kwa namba. Waliihesabu kwa njaa, kwa nzige, kwa vita, kwa mwaka jumbe fulani alipotawazwa. Kazi ya mtafiti ni kuyafunga matukio hayo na tarehe zilizoandikwa kwingine, na hapo ndipo faili za Wajerumani zinapopata faida yake. Karatasi na kumbukumbu hazishindani. Kila moja huisahihisha nyenzake.

Mgeni wa mwaka 1331

Ukweli ni kwamba pwani hii ilianza kufaidika na mazungumzo marefu zamani sana, kabla ya vyuo vikuu vya leo.

Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa, wakati Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitawala. Sultani huyo alipewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kutokana na ukarimu wake. Ibn Battuta alisimulia kisa cha fukara kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani njiani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe aliposikia, alizichukua zile nguo na kumlipa fukara huyo watumwa kumi. Sultani alipoona watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hicho kimedumu kwa karibu miaka 700, na kinatuambia mambo mawili kwa pamoja: utajiri na ukarimu wa Kilwa, na kwamba utajiri huo ulihesabu binadamu miongoni mwa mali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Ibn Battuta hakuandika kitabu chake akiwa Kilwa. Aliporudi kwao, Sultani wa Moroko aliagiza asimulie safari zake kwa mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1355. Kwa maneno mengine, maelezo mashuhuri kuliko yote ya mji wa Kilwa wa zamani ni matokeo ya mazungumzo marefu kati ya msimulizi na mwandishi, yaliyofanyika miaka zaidi ya 20 baada ya safari.

Na hapo pia ndipo penye tahadhari. Katika maelezo hayo, Kilwa inaelezwa kuwa mji wa nyumba za miti. Lakini yeyote aliyevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko ameuona Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, majengo ya mawe ya matumbawe, na jumba hilo linahusishwa na sultani yuleyule aliyempokea msafiri huyo. Huenda alizungumzia nyumba za watu wa kawaida, huenda kumbukumbu ilichanganya miji. Vyovyote iwavyo, simulizi haiwezi kuachwa ijisimamie peke yake.

Kauli, kifusi na vinasaba

Mfano bora wa simulizi kupimwa kwa muda mrefu ni Tarikhi ya Kilwa. Habari za masultani wa Kilwa zilihifadhiwa kwa Kiarabu, na nyingine ziliingizwa na Mreno João de Barros katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, nusu karne hivi baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Simulizi hizo zinaeleza kuwa ukoo wa kwanza wa kitawala ulitoka Shirazi, Uajemi, na kwamba Ali bin Hasan alikinunua kisiwa hicho kwa nguo.

Kwa muda mrefu wasomi walibishana. Wapo walioichukua simulizi hiyo kama ilivyo, wakadai kuwa ustaarabu wa pwani uliletwa wote na wageni. Wapo walioiona kuwa ni hadithi ya kujipatia heshima. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alitumia sarafu na vigae kuisogeza mbele tarehe ya kuanza kwa ukoo huo. Wanaakiolojia waliofuata wakasisitiza kuwa miji ya pwani ilikua kutokana na jamii za Kiafrika zilizokuwapo tayari.

Machi 2023, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili na mji mmoja wa bara, ikiwemo mifupa kutoka Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa viongozi wa utafiti huo ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba. Matokeo yalionyesha kuwa wengi wa watu hao walikuwa na asili iliyochanganyika: sehemu kubwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu ya Kiasia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000.

Kwa maana hiyo, wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wakiota. Lakini simulizi yao ilitaja baba na kumnyamazia mama. Vinasaba vimemrudisha mama katika historia.

Ambao hawakuulizwa

Kasoro hiyo ya kumsahau mama haikuishia katika Tarikhi ya Kilwa. Ilijitokeza tena katika utafiti wa Maji Maji wenyewe.

Wanafunzi wa mwaka 1968 walifanya kazi katika nchi iliyokuwa na miaka saba tu tangu kupata uhuru. Taifa lilihitaji umoja, na maswali yao yalielekea huko. Walitafuta mashujaa na umoja wa makabila, na aghalabu waliketi na wazee wanaume. Watafiti waliofuata walionyesha mapengo. Mwaka 1997, Thaddeus Sunseri aliandika kuhusu Uzaramo akihoji nafasi ya wanawake, njaa na nguruwe waharibifu wa mashamba katika kuzuka kwa vita. Felicitas Becker, aliyezungumza na watu wengi katika mikoa ya Lindi na Mtwara kwa ajili ya kazi zake, alionyesha mwaka 2004 kwamba kusini mashariki vita viligusa pia ushindani wa wafanyabiashara na wakubwa wa maeneo. Na mwaka 2010, kitabu cha insha kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson kilipitia upya simulizi nzima ya vita hivyo.

Hilo halipunguzi thamani ya kazi ya 1968. Linatufundisha kwamba msimulizi hujibu alichoulizwa. Usipouliza habari za jikoni, hutaambiwa habari za jikoni, hata kama njaa ilianzia huko.

Upo mfano mzito zaidi, nao uko umbali wa kilomita 60 hivi kutoka mjini Lindi. Katika kilima cha Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi mikubwa iliyoishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa hiyo ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, kisha ikasafirishwa kwa meli. Mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, anaonyeshwa katika jumba la makumbusho la elimu viumbe mjini Berlin.

Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya vibarua na wapagazi, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita na njaa. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, anatajwa katika maandishi ya Wajerumani kwa ustadi wake wa kuitambua na kuitoa mifupa. Lakini tunachokijua kuhusu kambi ile kinatokana kwa sehemu kubwa na shajara, picha na ripoti za wanasayansi wa Kijerumani. Hakuna mradi mkubwa uliowaketisha wachimbaji wale wenyewe wakati wangali hai, ukawauliza waliielewaje mifupa ile, walilipwaje, nani aliugua, nani alifia njiani. Mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu nani mwenye haki na mifupa hiyo imekosa sauti hizo.

Nandete waliulizwa, Tendaguru hawakuulizwa. Matukio hayo mawili yaliachana kwa miaka minne tu, na watu wake walikuwa majirani. Tofauti iliyopo leo katika tunachokijua haikutokana na uhodari wa kumbukumbu za upande mmoja. Ilitokana na kuwepo au kutokuwepo kwa mtu wa kuuliza.

Hesabu ya leo

Turejee kwenye hesabu tuliyoanza nayo, tuitumie kwa mambo ya karibu.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1962. Aliyekuwa na miaka 15 mpango ulipoanza, kama yu hai, amekwishavuka miaka 90.

Nachingwea hiyohiyo baadaye ilikuwa na kambi ya mafunzo ya kijeshi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Wakulima, wauza maziwa, wakunga na madereva waliokuwa majirani wa kambi hiyo walikuwa vijana wakati huo. Sasa ni wazee.

Katika miaka ya 1970 ulifuata uhamisho wa Operesheni Vijiji. Kijana wa miaka 20 mwaka 1974 amekwishapita miaka 70. Anakumbuka shamba la mikorosho lililoachwa, nyumba iliyobomolewa, pia shule na zahanati iliyopatikana. Mwaka huohuo wa 1974 gesi iligunduliwa Songosongo, kisiwa cha wavuvi wilayani Kilwa, na ilichukua miaka 30, hadi 2004, kuanza kutumika kibiashara. Wapo wanaokumbuka visima vya kwanza vilipochimbwa.

Maofisini zipo taarifa za mambo haya yote. Lakini taarifa za Operesheni Vijiji ziliandikwa na waliohamisha, kama ambavyo taarifa za Maji Maji ziliandikwa na walioizima. Wanaoweza kuongeza upande wa pili wapo vibarazani Kilwa Kivinje, Lindi, Liwale na Ruangwa leo hii, na hawatakuwepo daima.

Namna ya kuketi na mzee

Kazi hii haihitaji shahada. Simu ya mkononi yenye uwezo wa kurekodi inatosha, na msomaji wa mjini anayekwenda kwao wakati wa sikukuu ana nafasi ambayo mtafiti mgeni hana, kwani yeye ni mjukuu. Kutokana na uzoefu wa tafiti zilizotajwa, mambo yafuatayo husaidia.

Kwanza, adabu. Piga hodi, toa shikamoo, uliza hali, eleza nia yako na omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Mzee akisema jambo fulani lisirekodiwe, zima.

Pili, anza na anachokijua mikononi mwake: alizaliwa wapi, jirani yao alikuwa nani, walilima nini, walivua wapi. Usianze na "eleza historia ya kijiji". Swali pana huzaa jibu la hotuba.

Tatu, usimwulize mwaka. Mwulize kama jambo hilo lilikuwa kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya kuhamishwa, alikuwa ameolewa au bado. Tarehe utaitafuta mwenyewe.

Nne, usimsahihishe. Akisema jambo unaloamini si kweli, liache liingie. Utalipima baadaye kwa kulilinganisha na kauli za wengine.

Tano, ketini na akina bibi peke yao. Mzee wa kiume akiwepo, mara nyingi bibi humwachia yeye maneno.

Sita, acha atumie lugha yake. Kimatumbi, Kimwera, Kimachinga au Kingindo kina maneno ambayo Kiswahili hakina. Neno njwiywila lisingetufikia kama mtu angelitafsiri papo hapo na kulitupa.

Saba, rudi. Siku ya kwanza ni ya kufahamiana, na mengi ya maana husemwa siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine mlangoni mkiagana.

Mwisho, andika jina la msimulizi, mahali na tarehe ya mazungumzo, kisha weka nakala zaidi ya mahali pamoja. Simu hupotea, na ikipotea imekwenda na maneno yote.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Wazee wa Nandete waliyaona, na kwa bahati njema alipatikana wa kuwauliza walipokuwa na miaka 78. Kwa wale waliobeba mifupa ya Tendaguru, muda ulikwisha. Kwa waliohamishwa mwaka 1974, muda bado upo, ingawa si mwingi.